Maji Huhitaji Watu: Makisio ya Watumishi wa Maji na Usafi Vijijini

(Mazungumzo kwa wajumbe wa vyama vya msingi, Kigongo)



Kila chama cha msingi kinafahamu kuwa mizani haipimi pamba peke yake. Kabla ya msimu kufunguliwa halmashauri huuliza: nani atapima, nani ataandika stakabadhi, na nani atalinda ghala? Katika jambo la maji swali hilo mara nyingi huja mwisho, au haliji kabisa. Kisima huchimbwa, pampu hufungwa, ngoma hupigwa, wageni hurudi mjini. Pampu ikiharibika ndipo kijiji huanza kumtafuta mtu.

Mwaka 1971 Serikali ilianzisha mpango wa miaka 20 wa kumpatia kila mwananchi wa kijijini maji safi katika umbali usiozidi mita 400 kutoka nyumbani kwake. Mwaka 1991 ulifika na lengo halikufikiwa. Fedha zilipungua, ndiyo. Lakini pia mitambo mingi ilisimama kwa kukosa vipuri na fundi wa karibu. Mpango wa HESAWA, uliosaidiwa na Sweden katika mikoa ya Mwanza, Mara na Kagera kuanzia 1985 hadi 2002, ulishika njia nyingine, yaani kuwafundisha wanavijiji wenyewe kutunza visima, kutengeneza pampu za mkono na kujenga vyoo. Tangu Julai 2019 huduma ya maji vijijini imewekwa chini ya RUWASA, ambayo hufanya kazi pamoja na vyombo vya maji vya wananchi.

Mwaka 2014 chama cha kimataifa cha wataalamu wa maji, IWA, kilitoa taarifa juu ya nchi 15, Tanzania ikiwemo. Kwa nchi 10 kati ya hizo, upungufu wa watu waliofunzwa ulikisiwa kufika 787,200. Hesabu kubwa namna hiyo humtisha msomaji bila kumsaidia katibu wa chama. Hesabu inayomfaa katibu ni ile ya siku za kazi.

Na uchukuliwe mfano wa kijiji chenye visima 8 vya pampu za mkono. Kila kisima kikaguliwe mara moja kwa mwezi, kwa nusu siku: jumla ni siku 48 kwa mwaka. Kila pampu ikiharibika mara 2 kwa mwaka, na kila tengenezo likachukua siku 2, zinaongezeka siku 32. Jumla ni siku 80. Hapo inaonekana wazi kwamba kijiji kimoja hakiwezi kumpa fundi kazi ya mwaka mzima, na ndiyo maana fundi wa kijiji kimoja hukimbia. Lakini vijiji 3 vina siku 240, na hiyo ni ajira kamili. Wanaushirika hawahitaji kufundishwa maana yake.

Upande wa vyoo hesabu hugeuka. Kijiji hichohicho kikiwa na kaya 150 zisizo na choo bora, na kila choo kikachukua siku 8 za fundi, zinatakiwa siku 1,200. Fundi ambaye pia ni mkulima hawezi kutoa zaidi ya siku 150 kwa mwaka. Pamba na mahindi havimsubiri. Akiwa peke yake atamaliza baada ya miaka 8. Wakiwa 4, miaka 2. Hata hivyo katika mikutano mingi wahandisi wa maji ndio huulizwa, na mjenzi wa vyoo hatajwi, kana kwamba kipindupindu na kichocho huletwa na upungufu wa mabomba tu.

Wala siku hizo 8 si sawa kila mahali. Kwenye miamba ya Mwanza shimo halichimbiki. Ufukweni maji hutokea kabla shimo halijafika kina. Mwaka 2020, na tena 2024, Ziwa Victoria lilipanda kupita kawaida. Choo cha ufukweni hakina budi kuinuliwa juu ya ardhi, na kazi hiyo yahitaji mwashi, si mchimbaji.

Kigongo penyewe pana funzo la pekee. Kwa miaka mingi wasafiri walingoja kivuko hapa, wakala, wakanywa, wakatafuta choo. Tangu Juni 2025 Daraja la J. P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3 hivi, huwavusha hadi Busisi bila kungoja. Anayekisia wahudumu wa vyoo vya umma kwa daftari la siku za kivuko atawaweka mahali ambapo msafiri hasimami tena. Watu wahesabiwe upya: mialoni, sokoni, shuleni, na mahali magari yanapotua sasa.

Limebaki suala la ujira, ambalo ndilo gumu. Daraja hilohilo limeifanya Geita kuwa karibu, na fundi aliyefunzwa vizuri hupata kazi kwenye machimbo ya dhahabu. Kumfunza pasipo kumlipa ni kumfunzia mwajiri mwingine. Basi kila chama kilete kwenye mkutano ujao karatasi moja: idadi ya visima, kaya zisizo na choo, siku za kazi zinazotakiwa, majina ya vijana wanaoweza kufunzwa, wa kike kwa wa kiume, na kiasi ambacho kila kaya iko tayari kutoa kwa mwezi. Vyama jirani vikae pamoja kabla ya kuijaza safu ya mwisho.