Siku Moja Kabla ya Meli

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii tunaitaja sana harusini na misibani. Leo napenda tuipeleke bandarini.

Zikitajwa meli za watalii, mawazo yetu hukimbilia Zanzibar, Mombasa na Dar es Salaam. Ni kweli kwamba meli kubwa hutia nanga huko na abiria wake hushuka kuutazama mji. Lakini abiria yule ana kitanda melini, na chakula chake amekwisha kukilipia. Anashuka asubuhi, anapiga picha, pengine ananunua kinyago, na jioni amekwisha rudi. Wenyeji wengi hubaki wakimpungia mkono tu.

Abiria anayesubiri kupanda meli ni mtu mwingine kabisa. Huyo hulala mjini kwenu, hula kwa mama lishe wenu na hupanda bajaji yenu. Abiria wa namna hiyo tunaye sisi wa Nyanda za Juu Kusini, ila hatumhesabu kuwa ni mgeni.

Nazungumzia Ziwa Nyasa. Bandari za Itungi na Kiwira ziko wilayani Kyela, mkoani Mbeya. Njia ya meli kutoka huko ni ya kusini, kufuata mwambao: Matema, Lupingu, Manda, Liuli hadi Mbamba Bay, mkoani Ruvuma. Wazee wanazikumbuka MV Songea na MV Iringa. Mwaka 2021 ilianza kazi MV Mbeya II, iliyojengwa ibebe abiria 200 na mizigo tani 200. Upande wa mashariki Milima ya Livingstone inateremka hadi majini, na ziwa lenyewe lina kina cha karibu mita 700.

Kazi yangu ni kuuliza maswali. Nimekuwa nikiwauliza abiria watokao Iringa kuja kupanda meli: njiani umeona nini? Jibu ni lile lile: "Kaka yangu, mimi nilikuwa nawahi meli."

Tazama basi anachokipita. Anaiacha Kalenga, lilipo fuvu la Mtwa Mkwawa, lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Kilometa kama 20 kutoka Iringa mjini, kando ya barabara ya Mbeya, anaipita Isimila, penye zana za mawe za watu wa kale na nguzo za udongo zilizochongwa na mvua. Akifika Uyole anakata kushoto kuelekea Tukuyu, na huko analipita Daraja la Mungu, mwamba uliojitandaza wenyewe juu ya mto Kiwira. Akiwahi kufika Matema siku ya Jumamosi, jirani pale Lyulilo kuna soko la vyungu vya akina mama wa Kikisi, vinavyoletwa kwa mitumbwi. Na nani aondoke Kyela bila mchele?

Haraka hii ina hasara mbili. Ya kwanza ni ya mfuko: fedha ya kitanda, ya chakula na ya chungu haikubaki kwetu. Ya pili ni ya roho. Dereva anayesukumwa na abiria wanaowahi meli huingia kwenye kona na ukungu wa Isyonje kwa mwendo usiofaa. Aliyefika jana yake hana sababu ya kumhimiza dereva.

Chanzo, kwa jinsi nionavyo, ni taarifa. Katika nyumba moja ya wageni, ambayo sitaitaja, nilimuuliza mhudumu meli inaondoka saa ngapi, na soko la vyungu liko wapi. Alinijibu kwa adabu zote: "Sijui baba, labda ukaulize bandarini." Simlaumu binti yule. Hakuna aliyemwambia kwamba kujua mambo hayo ni sehemu ya kazi yake.

Jambo hili halihitaji mfadhili. Ratiba ya meli ibandikwe katika stendi za Iringa, Mbeya na Kyela, na ikibadilika kwa sababu ziwa limechafuka, itangazwe redioni mapema. Kila nyumba ya wageni iwe na karatasi moja ukutani yenye mambo matatu: saa ya meli, mahali pa kutembelea, na nauli halali ya kufika huko. Vijana wa bajaji wakubaliane bei na waishike, kwani mgeni aliyepunjwa mara moja huwaambia wenzake kumi.

Meli yenyewe hukaa gatini saa chache tu. Mji wa bandari hupata riziki yake siku ile ya kungoja, na siku hiyo sisi tunaiacha ipite bure.