Mpaka na Kikomo: Istilahi za Intigrali katika Kiswahili

Alama ya intigrali, ambayo asili yake ni herufi S ndefu, ilibuniwa na Leibniz mwaka 1675. Desturi ya kuandika namba moja chini ya alama hiyo na nyingine juu yake ilienezwa na Fourier, Mfaransa, katika kitabu chake cha mwaka 1822. Kiingereza huziita namba hizo kwa neno lile lile linalotaja thamani ambayo mfuatano huikaribia pasipo lazima ya kuifikia. Hivyo dhana mbili zimevishwa joho moja.

Kiswahili hakilazimiki kurithi utata huo. Thamani inayokaribiwa na iitwe kikomo. Namba za chini na za juu ziitwe mipaka. Neno mpaka ni nomino na pia ni kihusishi: intigrali ya 2x husomwa “kuanzia 1 mpaka 3”. Kwa kuwa 2x ni kadiri ya badiliko la kipeo cha pili cha x, mpaka wa juu hutoa 9 na wa chini hutoa 1. 9 kutoa 1 ni 8. Akisoma kuanzia 3 mpaka 1, mwanafunzi hupata hasi 8. Mwelekeo uliomo katika kauli ndio uliomo katika hesabu.

Nchini Tanzania, hisabati ya sekondari aghalabu hufundishwa kwa Kiingereza. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ilitolewa na TUKI mwaka 1990; lakini istilahi isiyotamkwa darasani ni jembe lisilolima.