Tukienda Kukimbia, Twende Wapi na Twende Nani?

Maneno yaliyosemwa na mfanyakazi wa uwanjani wa shirika la hapa, mbele ya wajumbe wa vilabu vya vijana vya amani, Kalemie, jimbo la Tanganyika.



Nimepewa kazi ya kusema juu ya jambo moja. Tuna pesa za safari moja ya michezo, si mbili. Vijana wa Kalemie, Nyunzu na Manono wamefanya mazoezi pamoja, Batwa na Baluba, na sasa wameomba kuvuka ziwa kwenda kukimbia katika mbio kubwa za ukanda wetu. Swali lililo mezani ni mbio zipi, na nani aende.

Wako waliosema tutafute mbio zenye zawadi nono na tupeleke vijana wawili wenye kasi kuliko wote. Wazo hilo ninaliheshimu, kwa sababu kila mtu hupenda kuona mtoto wa kwao akirudi na medali. Lakini naomba mnivumilie kidogo. Mimi naamini kwamba kwa kazi yetu ya amani, mbio huchaguliwa kwa kutazama watu walio kando ya barabara na chakula kinachofuata, kabla ya kutazama nani atafika wa kwanza.

Kwa nini kikombe cha maji ni jambo kubwa

Katika Kiswahili chetu neno "kukimbia" lina maana mbili, na watu wa Tanganyika tunazijua zote. Mgogoro kati ya Batwa na Baluba ulioanza 2013 upande wa Manono na Nyunzu, kisha ukawaka tena 2016 na 2017, uliwafanya mamia ya maelfu ya watu wakimbie vijiji vyao. Mtakumbuka kwamba mwaka 2016 moja ya cheche ilikuwa kodi juu ya viwavi ambavyo Batwa huviokota porini. Yaani ugomvi uliingia mpaka ndani ya chungu.

Februari 2017 ulifanyika mkutano mkubwa wa amani hapa Kalemie. Mabaraza ya vijiji, ambamo pande zote mbili hukaa na kuongea, yamefanya kazi nzuri ingawa mashambulizi yalirudi sehemu kadhaa. Lakini kuna jambo moja ambalo mikutano peke yake haijaliondoa. Bado zipo nyumba ambamo Mtwa akiomba maji hupewa chombo cha pembeni. Bado wapo watu wanaokubali kukaa naye kwenye kiti kimoja cha mkutano, lakini si kuingiza mkono naye kwenye sahani moja ya bugali.

Sasa fikirini mbio ndefu. Kila baada ya kilomita chache kuna meza ya maji. Anayetoa kikombe hana nafasi ya kuuliza kabila, na anayekipokea hana nguvu ya kuchagua mkono. Ukifika mwisho, wote mnanuka jasho, wote mna njaa, na chakula ni kile kile. Ndiyo sababu nasema sherehe ya mbio si pambo. Kwetu sisi sherehe ndiyo kazi yenyewe.

Mifano mitatu ya jirani zetu

Mfano wa kwanza ni wa Tegla Loroupe, mama wa Kipokot kutoka Kenya. Alishinda mbio za New York mwaka 1994 na 1995, na mwaka 1999 huko Berlin aliweka rekodi ya dunia ya wanawake ya saa 2:20:43. Angeweza kutosheka na sifa hizo. Lakini mwaka 2003 alianzisha taasisi ya amani, na akaanza kuandaa mbio za amani kule kwao Kapenguria na katika nchi ya wafugaji iliyo mpakani mwa Kenya na Uganda. Wapokot, Waturkana, Wakaramoja na wengine waliozoea kuibiana ng'ombe kwa bunduki walikimbia pamoja, viongozi wa serikali wakiwa kati yao. Tegla hakuwaita mjini Nairobi. Alipeleka mbio pale pale palipo na ugomvi, ili wazee na mama zao wasimame kando ya barabara na kuona kwa macho. Huyu ndiye aliyeongoza timu ya wakimbizi katika Olimpiki ya Rio mwaka 2016, timu ambayo ndani yake walikuwemo wanajudo wawili Wakongomani, Popole Misenga na Yolande Mabika.

Mfano wa pili ni mbio za amani za Kigali, zilizoanza 2005. Zinabeba neno amani katika jina lake, na ndani yake wamepewa nafasi hata watu wasiotafuta ushindi. Ni mfano wa kusoma. Lakini baada ya Goma kutekwa Januari 2025, na Bukavu mwezi uliofuata, hakuna mzazi hapa ambaye ningemwomba aniachie mtoto kwa njia hiyo. Tuuache kwa sasa, bila chuki kwa wakimbiaji wa huko.

Mfano wa tatu ni mbio za Kilimanjaro, zinazofanyika mjini Moshi, Tanzania, tangu 2003, kwa kawaida mwishoni mwa Februari. Huko ndiko ninapendekeza twende.

Kwa nini Moshi

Sababu ya kwanza ni kwamba kuna nafasi kwa kila mguu. Kuna kilomita 42 kamili, kuna nusu yake ya kilomita 21, na kuna kilomita 5 ambazo watu hukimbia kwa furaha, wazee kwa watoto, wengine wakitembea. Kijana ambaye hajawahi kushindana anaweza kuingia bila aibu.

Sababu ya pili ni njia yenyewe. Mbio huanzia na kuishia katika uwanja wa chuo kikuu cha ushirika cha Moshi. Wanaokimbia nusu hupanda kuelekea Mweka, kwenye miteremko ya mlima, kati ya migomba na kahawa ya Wachaga, kisha hushuka. Wenyeji hutoka majumbani kushangilia, watoto hukimbia sambamba na wageni. Ndiyo maana ya methali: mgeni njoo, mwenyeji apone. Na uwanjani baada ya mbio kuna muziki, nyama choma, na watu wa mataifa mengi wakicheza pamoja.

Sababu ya tatu ni utamaduni wa mahali pale. Wachaga wana mtori, supu nzito ya ndizi na nyama. Wana mbege, pombe ya ndizi mbivu na ulezi, ambayo kwa desturi hunywewa kwa kupokezana kibuyu, kama sisi tunavyopokezana munkoyo. Tena wana jani linaloitwa isale. Mmea huo hupandwa kama mpaka wa shamba. Mtu aliyemkosea mwenzake, akija na jani hilo kuomba msamaha, ni vigumu sana kumkatalia. Hebu fikirini: mmea ule ule unaotenganisha mashamba ndio unaopatanisha wenye mashamba. Ningependa vijana wetu waelezwe hayo na mzee wa Kichaga, wakiwa wameketi chini ya migomba yake. Somo hilo litawaingia kuliko warsha zangu kumi.

Wawili au kumi?

Hapa ndipo penye uzito. Tukipeleka wawili wenye kasi, tujue ukweli. Wanaoshinda kilomita 42 kule Moshi ni wakimbiaji wanaoishi kwa kazi hiyo. Vijana wetu wamejifunza vizuri, lakini hawatawashinda. Na mnajua kwamba hao wawili wanatoka upande mmoja. Basi tutakuwa tumetumia pesa za amani kuwaambia vijana wa upande wa pili kwamba hata katika michezo nafasi si yao.

Mimi naomba twende kumi: Batwa watano na Baluba watano, na angalau wanne wawe wasichana. Wawili walio tayari wakimbie kilomita 21, wengine wote kilomita 5. Walale nyumba moja, wapike kwa zamu, wale sahani moja. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Mambo matatu ya kutazama kabla ya kufunga mizigo

Kwanza, hati. Vijana wengi wa Kitwa hawana hata cheti cha kuzaliwa. Tukisubiri mpaka mwezi wa mwisho, watakaovuka watakuwa upande mmoja tu, na tutasema ni bahati mbaya. Haitakuwa bahati mbaya. Hati zianze kutafutwa sasa, na gharama yake iingie katika bajeti ya safari, isiachiwe familia.

Pili, njia. Tutavuka ziwa hadi Kigoma, kisha zaidi ya kilomita 1,000 kwa basi. Tufike mapema ili miguu ipumzike. Wengi wenu mna ndugu katika kambi ya Nyarugusu, ambako Wakongomani wamehifadhiwa tangu 1996. Najua mtataka kuwasalimu, lakini kuingia kambini kunahitaji ruhusa, kwa hiyo jambo hilo tulipange mapema au tuliache.

Tatu, pombe. Sherehe bila mpango inaweza kurudisha ugomvi tuliouacha nyumbani. Mbege ionjwe mbele ya mzee mwenyeji, kwa anayetaka na mwenye umri. Baada ya hapo wote warudi kulala pamoja.

Ninachowaomba

Kila klabu ilete majina kabla ya Ijumaa, kwa jozi: Mtwa na Muluba. Jozi ikipungukiwa mmoja, wote wawili wasubiri. Na kila jozi ije na ahadi ya mdomo, mbele ya baraza lake, kwamba ikirudi itaandaa mbio za kilomita 5 kati ya kijiji cha Batwa na kijiji cha Baluba kilicho jirani. Hatuhitaji uwanja kwa hilo. Tunahitaji barabara, ngoma, sufuria kubwa za bugali na ndagala, na meza mbili za maji.

Meza iliyo upande wa Baluba isimamiwe na wamama wa Kitwa, na ile ya upande wa Batwa isimamiwe na wamama wa Kiluba. Vikombe viwe vya aina moja. Wamama, hiyo ndiyo kazi ninayowapa ninyi leo, na mkiikataa tuambieni hapa hapa, kwa sababu bila ninyi safari ya Moshi itakuwa matembezi tu.

Sasa nawaachia wazee neno.