Misemo ya Kiingereza Iliyotoka Baharini

Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya jambo linalowataabisha wengi wanaojifunza Kiingereza. Mtu aweza kulijua kila neno lililomo katika sentensi, na maana ya sentensi yenyewe ikampotea.

Jambo hili si geni kwetu. Tukisema kuwa fulani ana mkono wa birika, maana yetu ni kwamba ni bahili. Mgeni akitafuta katika kamusi neno mkono, kisha neno birika, ataona yote mawili, lakini ubahili hatauona. Tena twasema kuwa mambo yamekwenda mrama, wala hatukumbuki kwamba mrama ni kule kuyumba kwa chombo baharini.

Waingereza nao ni watu wa kisiwa. Kwa karne nyingi walisafiri kwa merikebu za matanga, na maneno ya mabaharia yakapanda pwani, yakaingia katika usemi wa watu wote.

Tutwae mfano wa kwanza: "three sheets to the wind". Shuleni twafundishwa kuwa "sheet" ni shuka. Lakini kwa baharia ni kamba inayoshika pembe ya chini ya tanga, yaani demani. Demani zikilegea, tanga hupigapiga ovyo na chombo huyumba. Basi mtu anayesemwa hivyo amelewa.

Mfano wa pili ni "taken aback". Upepo ukigeuka ghafula na kulipiga tanga kwa mbele, tanga hubanwa juu ya mlingoti, na chombo husita pale pale. Ndivyo alivyo mtu aliyeshtushwa na habari asiyoitazamia.

Mfano wa tatu ndio wenye hatari. Tuseme mtu mmoja amepata barua ya rafiki yake juu ya mfanya biashara fulani, nayo yasema: "Give him a wide berth." Kamusi ndogo yamwambia kuwa "berth" ni mahali pa kulala melini. Naye, kwa ukarimu, amkaribisha yule mtu nyumbani, ampa kitanda kipana, na pengine amkabidhi na fedha zake. Kumbe alikuwa akionywa! Kwa mabaharia neno hilo pia ni nafasi ambayo chombo huiacha kati yake na mwamba. Maana ya barua ni hii: Mwepuke mtu huyo, ukae naye mbali.

Basi yatupasa kufanyaje? Kwanza, tukiona maneno hayapatani na habari inayosimuliwa, tushuku kuwa ni msemo. Pili, tuutafute msemo mzima katika kamusi kubwa, au tumwulize ajuaye. Kuuliza si aibu. Tatu, tuuandike katika daftari pamoja na sentensi tulimouona, ili tujue hutumiwa wapi. Wala tusifanye haraka kuutumia, kwani msemo wa walevi haufai katika barua ya kuomba kazi.

Nahodha mwema huuchunguza mkondo kabla ya kuingia bandari asiyoijua. Nasi tuingiapo katika lugha ya watu tufanye vivyo hivyo.