Hesabu ya Siku katika Ukaazi wa Kudumu wa Mwenzi Ughaibuni



Imeenea miongoni mwetu dhana kwamba binti wa Morogoro aliyeolewa na raia wa nchi ya mbali, akapewa huko ukaazi wa kudumu, amekwisha kupata haki isiyoondoka. Dhana hiyo haina budi isahihishwe mapema, kwa maana ndoa humpatia mtu ruhusa ya kuingia, lakini ruhusa hiyo hudumishwa kwa siku anazoishi humo, na siku hizo huhesabiwa.

Naichukua Kanada kuwa mfano wangu mkuu, kwa sababu sheria yake, iliyoanza kutumika mwaka 2002, imelitaja sharti hili waziwazi: mkazi wa kudumu hutakiwa awe ndani ya nchi siku zisizopungua 730 katika kila muda wa miaka 5, si lazima zifuatane, na sehemu ya siku huhesabiwa kuwa siku nzima. Uingereza hufuata kanuni nyingine, kwamba mwenye ruhusa ya kuishi bila kikomo huipoteza akikaa nje zaidi ya miaka 2 mfululizo. Huko Marekani, anayekawia nje mwaka mzima au zaidi bila kibali cha kurejea, alichokiomba kabla ya kusafiri, huutia ukaazi wake hatarini.

Sharti hili hutulemea sisi kuliko wengi. Raia wa mataifa mengine hukaa miaka michache, akachukua uraia wa pili bila kuupoteza wa kwanza, na hesabu ikakoma. Mtanzania hana wepesi huo, kwani Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 humwondolea uraia mtu mzima anayejipatia kwa hiari yake uraia wa nchi nyingine, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ilipotungwa haikummilikisha asiye raia ardhi ila kwa ajili ya uwekezaji. Nanyi mliozaliwa Uluguru mnajua uzito wa maneno haya, kwa kuwa katika milima yetu ukoo hufuata upande wa mama, na shamba la Matombo au la Kinole ni amana ya mabibi waliotangulia. Binti anayekula kiapo cha dola nyingine hujitia katika hali ya ugeni juu ya ardhi ambayo mama yake amezikwa ndani yake. Ndiyo maana baadhi ya mabinti hao huchagua, na mimi nawaona wana haki, kubaki wakazi wa kudumu maisha yao yote. Lakini aliyechagua hivyo hatapumzika kuhesabu.

Papo hapo nyumbani kunamwita. Mama anaugua Mgeta, mjomba anafariki, kikao cha ukoo kinahitaji sauti yake, na safari ya mwezi mmoja hugeuka kuwa ya miezi minane. Akiaga mapema husemwa kwamba Ulaya imemharibu, hata kama anakoishi ni Toronto. Lawama hiyo ni dhuluma, na nawasihi ndugu wa nyumbani, kabla ya kumtaka binti aongeze muda, wamwulize kwanza amebakiwa na siku ngapi.

Iko nafuu moja ambayo wengi hawana habari nayo. Mkazi wa kudumu anayeishi nje ya Kanada pamoja na mume au mke aliye raia wa nchi hiyo huhesabiwa siku hizo kana kwamba alikuwa Kanada. Basi mume akiwa raia, akaja kufundisha Chuo Kikuu cha Sokoine, na wakaishi nyumba moja hapa mjini Morogoro, mke hapotezi kitu. Lakini mume huyo akiwa naye ni mkazi wa kudumu tu, siku za mkewe hazihesabiki kwa kumfuata, isipokuwa ameajiriwa kwa kazi ya muda wote na kampuni ya Kanada au na serikali ya huko. Ithibati ya kuishi pamoja ni juu ya mwombaji: cheti cha ndoa, mkataba wa pango wenye majina yote mawili, barua ya serikali ya mtaa, na pasipoti zote, hata zilizokwisha muda, kwa ajili ya mihuri yake.

Na aliyepungukiwa asikate tamaa, kwa sababu ukaazi wa Kanada hauondoki wenyewe siku hesabu inapopungua. Huondolewa kwa uamuzi, na afisa hupaswa kupima udhuru wa kibinadamu, hususan maslahi ya mtoto anayeguswa na uamuzi huo. Anayekataliwa hati ya kurejea akiwa huku nje ana siku 60 za kukata rufaa. Kuuguza mzazi ni udhuru unaosikilizwa, ila sharti uandamane na maandishi. Basi barua ya daktari, yenye tarehe na jina la anayeuguza, iombwe hospitalini wakati mgonjwa yungali wodini.