Tusipoandika Sisi, Wataandika Wengine

(Hotuba iliyotolewa Mponde, wilayani Lushoto, mbele ya wanachama wa Jumuiya ya Wazazi, wakulima wa chai na vijana wa Chama.)



Tumekuja kusema juu ya jambo moja tu, nalo ni taarifa ya mwaka. Twajua kwamba wengi wakisikia maneno hayo huanza kupiga miayo. Wao huiona taarifa ya mwaka kuwa karatasi ambayo Katibu huiandika usiku wa kuamkia mkutano, akaisoma upesi upesi, watu wakapiga makofi, kisha ikakunjwa na kutiwa mfukoni. Baada ya mwezi mmoja hapana ajuaye iliko.

Sisi twasema kwamba karatasi hiyo ndiyo historia ya Jumuiya yetu, na kuipoteza ni sawa na kuuza shamba la urithi bila kuwauliza watoto. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi twaongeza kwamba hata jasho bila daftari hupotea bila habari. Jumuiya ya kujitolea haina mali nyingi. Mali yake kubwa ni kazi ambayo watu wake wameifanya bila malipo. Kazi hiyo isipoandikwa, baada ya miaka thelathini ni kama haikufanyika.

Ndugu zangu, mifano ya jambo hili tunayo katika milima yetu wenyewe. Kwa nini leo mtoto wa shule aweza kusoma habari za Mbegha na za Kimweri wa Vuga? Yuko mtu aliyeketi akaandika. Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy aliandika "Habari za Wakilindi" kwa Kiswahili, zikachapwa sehemu kwa sehemu na wamisionari wa Magila kati ya mwaka 1895 na 1907, kisha zikachapwa tena kuwa kitabu mwaka 1962. Wafalme walikufa, na nyumba zao zikaanguka, lakini maneno yamebaki. Hata hivyo, kitabu kile ni cha wafalme. Waliobeba mizigo, waliolima, waliojenga, hao majina yao hayamo kwa sababu hapana aliyepewa kazi ya kuyaandika.

Tutazame tena wakati wa ukoloni. Wazee waliopo hapa wamesikia kwa wazazi wao habari za matuta. Mwaka 1946 Serikali ya Kiingereza ilianza mpango wake kule Mlalo, baadaye ikaueneza Usambara. Kila nyumba iliamriwa kutengeneza matuta katika shamba lake ili kuzuia mmomonyoko wa udongo. Asiyefanya alipelekwa barazani akatozwa faini. Mzigo mkubwa uliwaangukia akina mama, maana ndio waliokuwa na jembe la chakula. Watu walikataa. Walisema kazi ile haiiponyi nchi bali yaiharibu, na mwishoni mwa miaka ya 1950 mpango ule ukaachwa. Ushindi ule wa wakulima ulikipa Chama cha TANU nguvu kubwa katika milima hii.

Sasa twauliza, nani aliandika habari za matuta mwaka kwa mwaka? Ni Bwana Shauri.  Kila wilaya iliandika taarifa, kila jimbo likaandika taarifa, na taarifa za majimbo zikapigwa chapa Dar es Salaam. Ndani yake mmepimwa mvua, mmehesabiwa ng'ombe, mmetajwa kodi na kesi. Na kwa desturi ya maofisa wa siku zile, mwananchi aliyepinga jambo aliitwa mchochezi. Aliyetoza faini aliandika, na aliyetozwa faini hakuandika. Hivyo basi mtafiti wa leo akienda kwenye Nyaraka za Taifa kutaka habari za Usambara, mtu wa kwanza kumsimulia ni yule yule Bwana Shauri, ijapokuwa utawala wake ulikwisha tarehe 9 Desemba 1961.

Mwaka 1966 alikuja katika milima hii mwanafunzi kutoka Marekani, Steven Feierman. Alijifunza lugha ya Kisambaa, akakaa na wazee, akawauliza habari za zamani. Kitabu chake juu ya fikira za wakulima wa Usambara na mapambano yao kilitoka mwaka 1990. Tunamshukuru kwa kazi hiyo, maana sauti za wazee wengi zimeokoka kwa ajili yake. Lakini yafaa tujiulize: kama asingekuja? Je, watu waweza kuikabidhi historia yao kwa bahati ya mgeni mmoja mwenye bidii?

Ndugu wanachama, msidhani kwamba shida hii ni ya milimani peke yake. Chama cha Waafrika, ambacho baadaye kiliitwa TAA, kilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1929. Kilikuwa chama cha kujitolea hasa. Viongozi wake hawakuwa na mshahara wa chama, walikuwa makarani, walimu na wafanya biashara waliokutana baada ya kazi. Tarehe 7 Julai 1954 chama hicho kikageuzwa kuwa TANU, na tarehe 5 Februari 1977 TANU na Afro-Shirazi Party zikaungana kuwa Chama Cha Mapinduzi. Mti huu mkubwa, basi, mzizi wake ni ile TAA.

Lakini habari nyingi za mzizi huo zilihifadhiwa wapi? Katika nyumba za watu. Kleist Sykes, Katibu wa kwanza wa chama kile, aliandika habari za maisha yake kabla hajafariki mwaka 1949. Karatasi zake zilitunzwa na jamaa zake, na mjukuu wake Daisy Sykes Buruku akazitumia kuandika habari za babu yake, zikachapwa katika kitabu mwaka 1973. Kama karatasi zile zingefungiwa vitumbua sokoni, tungekuwa maskini zaidi. Na hata leo watu hubishana juu ya nani alifanya nini mpaka TANU ikazaliwa. Mabishano kama hayo hayamalizwi kwa kupaza sauti. Yamalizwa na daftari lililoandikwa siku ile ile, likasomwa mbele ya waliokuwapo, wakakubali kwamba ndivyo ilivyokuwa.

Yako pia mambo ambayo hata daftari liliyaacha. Akina mama wa TANU, Bibi Titi Mohamed akiwa mbele yao, walikwenda nyumba kwa nyumba, waliuza kadi, walikusanya fedha, walijaza viwanja vya mikutano. Lakini katika karatasi za wakati ule wametajwa kidogo mno. Ndiyo maana Susan Geiger, mwanahistoria wa Marekani, alipoanza kutafuta habari zao mwaka 1984, hakuwa na njia ila kuwaendea akina mama wenyewe na kuwasikiliza. Kitabu chake kilitoka mwaka 1997. Wengine walikuwa wamekwisha kufa. Fundisho letu ni hili: taarifa isiyowataja akina mama ni taarifa nusu. Waliopika katika siku ya kujenga taifa, waliosomba maji na mchanga, nao waandikwe kwa majina, si kwa kusema tu "na akina mama walisaidia."

Tuje katika Jumuiya yetu wenyewe. TAPA, yaani chama cha wazazi wa Kiafrika, ilianzishwa mwaka 1955 chini ya ulezi wa TANU kwa sababu watoto wengi wa Waafrika hawakuwa na nafasi ya kusoma, na waliopata nafasi wengi wao walikomea darasa la nne. Wazazi walichanga, wakajenga vyumba kwa miti na udongo, wakawatafuta walimu. Baadaye TAPA ikawa Jumuiya ya Wazazi tuliyo nayo leo. Sisi tuliosomea ualimu twajua thamani ya vyumba vile. Sasa, ikiwa kijana wa leo akiuliza ni wazazi gani wa kata hii waliotoa mbao za kwanza, nani alitoa kiwanja na kwa masharti gani, tutamjibu kwa karatasi au kwa "nasikia"? Na akitokea mtu kesho akisema kiwanja kile ni cha babu yake, "nasikia" haitatusaidia barazani.

Na wakulima wa chai wanalijua jambo hili kuliko sisi. Kiwanda cha Mponde kilipofungwa mwaka 2013, jani halikuwa na pa kwenda. Jani la chai halingoji, likichumwa leo sharti lifike kiwandani leo, na mchai usipochumwa hugeuka mti. Katika wakati mgumu kama huo ndipo ushirika wowote wa wakulima hutakiwa kuonyesha mambo yake: wanachama ni nani, walikubaliana nini, katika mkutano upi, nani anamdai nani. Mwenye taarifa za kila mwaka husema na watu huandika. Asiye nazo huambiwa arudi kesho.

Hivyo, ndugu, taarifa iandikweje? Kwanza, iwe na vichwa vile vile kila mwaka, ili mwaka huu uweze kupimwa na mwaka jana. Iseme tarehe na mahali, majina kamili ya viongozi, na idadi ya wanachama walioingia, waliotoka na waliofariki. Iseme fedha iliyoingia na iliyotoka mpaka shilingi ya mwisho, na iliyobaki iko wapi. Iseme kazi kwa kipimo. Tusiandike "tulifanya kazi kubwa ya barabara." Tuandike barabara ipi, toka wapi mpaka wapi, siku ngapi, watu wangapi, na hatua ngapi bado.

Pili, iseme yaliyoshindikana. Hapa ndipo makatibu wengi huogopa. Wanadhani taarifa ni utenzi wa kujisifu, ukitiwa neno la kasoro utaharibika. La, ndugu. Kama tulipanda miche na miche ikafa, tuandike ilikufa na kwa nini, ili watakaokuja wasipande tena mahali pale pale kwa namna ile ile. Kama wanachama hawakukubaliana, tuandike pande zote mbili zilisema nini na kura zilikuwaje. Taarifa yenye sifa tupu haiaminiwi hata na aliyeiandika. Tena isomwe mkutanoni, wanachama wairekebishe, ndipo Mwenyekiti na Katibu watie sahihi.

Tatu, itunzwe. Twajua milima yetu ina ukungu na unyevu. Karatasi iliyoegemezwa ukutani huota kuvu, iliyowekwa chini huliwa na mchwa, na iliyotundikwa darini huchanwa na panya. Tawi linunue sanduku la bati lenye kufuli, liwekwe juu ya meza mbali na ukuta. Na nakala isiwe moja. Moja ikae katika sanduku la tawi, ya pili iende wilayani, ya tatu shuleni, ya nne kwa mzee mmoja aliyechaguliwa na mkutano. Nyumba moja ikiungua, historia isiungue. Picha nazo ziandikwe nyuma kwa penseli: nani na nani, wapi, mwaka gani. Picha isiyo na majina, baada ya miaka ishirini ni picha ya wageni.

Vijana watatuambia kwamba siku hizi taarifa hutumwa kwa simu. Vema, itumwe. Simu yaeneza habari upesi, nasi twaitaka. Lakini simu huibiwa, huanguka majini, hubadilishwa, na kundi la WhatsApp hufutwa siku Katibu anapokasirika. Iliyotumwa kwa simu ipigwe chapa, itiwe sahihi, iingie sandukuni.

Nne, sanduku si la Katibu. Desturi mbaya tuliyo nayo ni kwamba kiongozi akishindwa uchaguzi huondoka na madaftari, naye mpya huanza kana kwamba Jumuiya imezaliwa jana. Karatasi za Jumuiya ni mali ya Jumuiya. Siku ya makabidhiano zihesabiwe moja moja mbele ya mashahidi, kama zinavyohesabiwa fedha.

Ndugu Mwenyekiti, twaleta ombi mbele ya mkutano huu. Tangu leo mpaka mkutano mkuu ujao, vijana wawili wawili waende kwa wazee waliopata kuwa makatibu, wenyeviti na waweka hazina wa TAPA, wa TANU, wa Umoja wa Wanawake na wa vyama vya wakulima. Waende kwa adabu, wasiende kama wadai kodi. Waulize kama yako madaftari, kadi, stakabadhi au barua. Mzee akikubali kutoa, apewe hati ya kupokea. Asipotaka kutengana na karatasi zake, ni haki yake. Vijana wazipige picha au wazinakili pale pale, wamrudishie mkononi. Na pasipo karatasi, wamsikilize mzee na kuandika aliyoyasema, pamoja na jina lake na tarehe, kisha wamsomee asikie kama ndivyo alivyosema.

Kazi hii haina mshahara, kama nyingine zote za Jumuiya. Lakini haingoji, maana kila mwaka tunazika wazee, na kila mzee huondoka na madaftari ambayo hayakupata kuandikwa. Bwana Shauri alilipwa kuandika habari zetu, akaandika kama alivyotuona. Sisi hatulipwi, nasi tuandike kama tulivyo.