Kuchagua Mshipi wa Sangara: Unene, Nguvu na Leja ya Ghala

(Mazungumzo ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika mbele ya makatibu na wanachama wa vyama vya wavuvi, Ziwa Victoria)



Bila shaka mlipoambiwa kwamba mkaguzi atazungumza, mlitarajia habari za vitabu vya hesabu. Nitafika huko. Lakini naanza na uzi wa nailoni, kwa sababu nimeona kwa macho yangu jinsi uzi huo ulivyokaribia kukivunja chama ambacho stakabadhi zake zote zilikuwa sawa.

Chama hicho sitakitaja. Kilinunua mishipi ya kuvulia sangara kwa fedha za mkopo, kikawagawia wanachama kwa makubaliano kwamba gharama itakatwa kidogo kidogo katika samaki watakaowaleta. Wanachama walikuwa wameomba mshipi wa kuhimili kilo 80. Katibu akaenda mjini, akaona rola zilizoandikwa 80, akalipa, akachukua stakabadhi. Msimu haujaisha, mishipi ikawa inakatika, ndoana zinapotea, na samaki wakubwa wanarudi kilindini na chambo chetu. Wavuvi wakakataa kukatwa. Wengine wakasema waziwazi kwamba katibu amenunua mali hafifu na tofauti ya bei ameitia mfukoni. Ndipo nikaitwa.

Nilipekua hati kwa siku mbili, na nakiri kwamba nilikwisha kuandika kichwani taarifa mbaya juu ya kijana yule. Aliyetuokoa sote wawili ni mzee mmoja mvuvi. Aliichukua rola mezani, akaigeuza kwenye mwanga, akanionyesha herufi mbili ndogo pembeni ya ile 80. "Bwana Mkaguzi, na hizi zasemaje?" Zilikuwa alama ya ratili, yaani paundi za uzito. Ratili moja ni kama gramu 454. Ratili 80, basi, ni kilo 36 tu. Katibu hakuiba. Aliisoma namba asisome kipimo, na mimi mkaguzi nilikuwa nimeipita alama hiyo mara tatu.

Tena hizo kilo 36 zenyewe si za kutegemea zote. Nailoni hunywa maji, na ikilowa hupungua nguvu, yapata sehemu moja katika kumi au zaidi. Fundo nalo hula sehemu yake. Fundo zuri, lililoloweshwa kwa maji au mate kabla ya kukazwa, huacha sehemu kubwa ya nguvu. Fundo la haraka haraka laweza kula hata nusu. Fanyeni hesabu: kilo 36 zikilowa hubaki kama 32, na kwa fundo baya hubaki 16. Mwanachama anaamini anashika kilo 80. Hapo hakuna haja ya kumtafuta mwizi.

Sasa, mshipi wa nguvu gani unatosha? Wengi hudhani kwamba samaki wa kilo 30 anataka mshipi wa kilo 30. Sivyo. Samaki akiwa ndani ya maji ni kama hana uzito, kwa kuwa maji humbeba. Kinachokata mshipi ni mshtuko anapogeuka ghafla na kukimbia. Mvuvi wa mkono anaujua mshtuko huo, hulegeza, hukaza, humchosha samaki. Na nailoni yenyewe hunyumbuka na kumsaidia. Hatari huja samaki akiwa karibu na mtumbwi, kwa maana mshipi uliobaki ni mfupi na kunyumbuka kwake ni kidogo. Hatari kubwa kuliko zote ni kumnyanyua kwa mshipi mpaka ndani ya mtumbwi, kwani akitoka majini uzito wake wote huangukia kwenye fundo. Chama kinachonunua kulabu nzuri ya kumpandishia sangara chaweza kuridhika na mshipi mwembamba zaidi.

Kwenye migonzo mambo ni mengine. Usiku kucha hakuna mkono wa kulegeza. Hapo kamba kubwa na iwe imara, na vipande vya kufungia ndoana viwe dhaifu kuliko kamba hiyo, ili ndoana ikinasa mwambani kikatike kipande kimoja, si kamba nzima pamoja na ndoana zake mia. Nimeona vyama vinavyofanya kinyume kwa kudhani vinabana matumizi. Na mkikuta katika ankara ya uzi wa kusokotwa namba kama 210/18 au 210/36, fahamuni kwamba namba ya pili ni idadi ya nyuzi zilizosokotwa pamoja. Ikiwa kubwa, uzi ni mnene. Namba za ndoana kwa kawaida huenda kinyumenyume, ya 8 ni kubwa kuliko ya 10. Aliyezipanga hivyo hakuwafikiria makatibu.

Juu ya unene, liko jambo moja ambalo kila katibu alijue. Nguvu ya nailoni haiongezeki sawasawa na unene wake. Uzi wa milimita 1 ni mnene mara mbili kuliko wa nusu milimita, lakini nguvu yake ni kama mara nne, na uzito wake kwa kila mita ni mara nne vilevile. Kwa hiyo rola ya gramu 100 ya uzi wa nusu milimita ina kama mita 450, na rola ya uzito huo huo ya milimita 1 ina kama mita 110. Wanachama wakidai uzi mnene zaidi "kwa usalama", waelezwe pia kwamba kwa rola ile ile watapata robo ya urefu.

Tena uzi mnene una gharama nyingine majini. Ni mgumu, haumwachi furu wa chambo aogelee kwa raha, mkondo huusukuma, na penye maji maangavu samaki huuona. Katika ghuba zenye maji ya tope, hasa wakati wa mvua, hilo si tatizo kubwa. Mbali na pwani maji hung'aa zaidi, na uzi mwembamba hupata samaki zaidi. Kwenye miamba jambo kubwa ni kusuguliwa, si kuvutwa. Huko unene ni ngao, na mita chache za mwisho zichunguzwe kwa vidole kila siku. Palipo na magugu maji, samaki hukimbilia mizizini, na mvuvi hana nafasi ya kumchosha. Wavuvi wa bass, samaki wa Marekani aliyepandikizwa katika Ziwa Naivasha mwishoni mwa miaka ya 1920, hufuata kanuni iyo hiyo ingawa samaki wao ni mdogo sana kwa sangara: wembamba penye maji maangavu, unene penye majani.

Kwa hiyo chama chenye wanachama wa miambani na wa maji ya wazi kisinunue unene mmoja kwa wote kwa ajili ya kurahisisha orodha.

Kupima hakuhitaji mtaalamu. Zungusheni uzi mara kumi juu ya penseli, mizunguko igusane bila kupandana, kisha pimeni upana wake kwa rula. Ukiwa milimita 7, uzi ni wa milimita 0.70. Kwa nguvu, chukueni kipande kutoka rola moja katika kila katoni, kiloweshwe usiku mzima, kifungwe kwa fundo lile lile ambalo wavuvi wenu hutumia, kisha kining'inize ndoo. Lita moja ya maji ni kilo moja. Ongezeni uzito wa ndoo. Mizani yenu ya samaki pia yafaa. Fanyeni hivyo kabla ya kutia saini ya kupokea mali, mbele ya wajumbe wawili wa kamati, kwa kuwa mali ikishapokelewa kubishana na muuzaji ni kazi.

Na sasa nimefika kwenye vitabu. Katika leja za ghala nyingi nakuta maneno haya tu: "mishipi, rola 40". Mkaguzi hawezi kukagua hayo, wala mwanachama hawezi kuyadai. Andikeni unene kwa milimita, urefu wa rola, nguvu iliyoandikwa na kipimo chake, kilo au ratili, na nguvu mliyoipata ninyi wenyewe kwa uzi uliolowa na wenye fundo. Kwenye kadi ya mkopo ya mwanachama yaandikwe hayo hayo, naye aweke saini.

Nimekuja na rola mbili, zote zimeandikwa 60, moja kwa kilo na moja kwa ratili. Vipande vimelowa tangu jana. Ndoo iko pale chini ya mti. Baada ya chai naomba makatibu wafunge mafundo wenyewe.